Nyimbo Zangu za Desemba na Majina ya Waliozipiga

Ndugu Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu orodha ya nyimbo inayochapishwa kila mwisho wa mwezi katika ukurasa wa burudani. Orodha yenyewe naipenda, huikata kwa mkasi na kuibandika ukutani, maana mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, na kwangu muziki ni kazi na ni starehe: redio ikishatengenezwa lazima ijaribiwe, na hakuna namna ya kuijaribu ila kukaa na kuisikiliza. Lalamiko langu ni moja tu. Orodha hiyo hutaja jina la wimbo na jina la mwimbaji, ikaishia hapo. Mtunzi hatajwi, mpiga gitaa hatajwi, mwaka hautajwi, na mara kwa mara wimbo uliopigwa na bendi ya watu tisa huandikiwa jina la yule mmoja aliyesimama mbele ya kipaza sauti. Kwa kuwa kulalamika ni rahisi kuliko kutenda, nimeamua kukuandikia orodha yangu ya Desemba hii, za kale na za sasa, kwa namna ambayo ningependa kuziona zikichapishwa.

Kilichonichokoza ni flashi. Mwezi uliopita niliinunua katika kibanda kimoja karibu na stendi, ikiwa imeshajazwa nyimbo ambazo kijana wa kibandani aliziita zilipendwa. Nilipoichomeka kwenye redio ya mteja niliyokuwa nimemaliza kuitengeneza, kwenye kioo chake kidogo yakaanza kupita maandishi: Zilipendwa 001, Zilipendwa 002, na kuendelea hadi mia mbili na ushei, kama wafungwa waliopewa namba. Niliirudisha. Kijana alinijazia nyingine kwa heshima zote, akaniambia, "Mzee, hii ina majina," na kweli ilikuwa nayo, ila wimbo wa Sina Makosa ulikuwa umeandikwa kuwa ni wa Simba Wanyika.

Huenda msomaji akaona hilo ni jambo dogo. Simba Wanyika iliongozwa na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, ambao walihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwishoni mwa 1978 baadhi ya wanamuziki wao waliwaacha na kuunda bendi yao wenyewe, Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwa Profesa Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu, kisha John Ngereza akajiunga nao. Sina Makosa ndio wimbo uliowatambulisha kwa watu. Kuupa Simba Wanyika wimbo huo ni sawa na kumpeleka mtoto kwa babu yake na kusema huyu ndiye aliyemzaa: ukoo ni mmoja, lakini baba yupo na ana jina.

Huo basi ndio wa kwanza katika orodha yangu, na ningemwomba msomaji ausikilize usiku, sauti ikiwa chini, pasipo kelele za boda boda. Asimfuate mwimbaji. Amfuate Malanga, ambaye besi yake inazungumza kwa sentensi fupi na kunyamaza, kisha amsikilize Shabani, ambaye gitaa lake linarudia jambo lilelile tangu mwanzo hadi mwisho kama mwanamke anayepepeta mchele, bila haraka na bila kumwaga hata punje. Nimewahi kufanya jaribio katika amplifaya ya mteja mmoja, nikapunguza sauti za kati, ambazo ndizo zinazobeba gitaa la ridhimu. Wimbo wote ulilegea kama kitanda kilichokatika kamba. Mtu anayefanya kazi kubwa namna hiyo, jina lake linachukua nafasi gani katika gazeti? Nusu ya mstari.

Wimbo huo niliujua kwanza kwenye santuri. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala, na kila safari alirudi na santuri ndogo mbili au tatu, zile ambazo wimbo mrefu haukuenea upande mmoja ukakatwa vipande viwili, Sehemu ya 1 upande huu na Sehemu ya 2 upande wa pili. Kazi yangu utotoni ilikuwa kugeuza santuri. Waimbaji walipomaliza beti zao na sauti ikaanza kufifia, mimi nilikuwa nimeshasimama, naishika ukingoni kwa ncha za vidole, naigeuza na kurudisha sindano kabla wageni wa baba hawajaanza kuzungumza, kwa sababu upande wa pili ndio uliokuwa na magitaa na magitaa ndiyo waliyoyafuata. Siku hizi vipande hivyo viwili vimeunganishwa kwa kompyuta, mara nyingine vibaya hata mdundo ukajikwaa katikati, na kila wimbo unapofika hapo mkono wangu wa kulia hunyanyuka wenyewe.

Katikati ya santuri palikuwa na karatasi ya mviringo, nayo ilikuwa na kila kitu: jina la wimbo, jina la bendi, na kwa herufi ndogo ndani ya mabano jina la mtunzi. Shule niliyosoma haikufundisha Kiswahili. Nilijifunza kukisoma kwenye lebo hizo, kichwa kimeinamishwa upande, huku santuri ikizunguka, na ndiyo sababu mpaka leo wimbo usio na jina la mtunzi huuona kama umevalishwa shati la mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba majina ni mambo ya wataalamu, na kwamba msikilizaji wa kawaida anachotaka ni kucheza. Bendi zenyewe hazikuwa na mawazo hayo. Katika nyimbo nyingi za dansi na rumba za Afrika Mashariki, wimbo unapofika sehemu ya magitaa, waimbaji huanza kuwaita wenzao kwa majina. Humwita wa solo, humsifu wa besi, humchombeza mpiga saksafoni aongeze. Bendi ilikuwa ikiandika orodha yake ndani ya wimbo wenyewe, kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma lebo ajue nani anapiga. Na ni hapo hasa, Ndugu Mhariri, ambapo dijei wa siku hizi huingia. Wale wanaounganisha nyimbo mfululizo hawagusi beti. Husubiri waimbaji wanyamaze na magitaa yaanze kuchanganya, kisha hupaza jina lao, jina la kibanda chao na namba ya simu. Katika flashi yangu kuna wimbo ambao mwimbaji anatamka "piga", na kabla hajamtaja anayeambiwa apige, dijei anajitaja yeye, ambaye hakupiga chochote. Nimeurudia mara nyingi nikiamini nitalinasa lile jina chini ya kelele yake. Nimetumia hata vipokea sauti vya masikioni vya mwanangu. Halipatikani.

Kwa haki, kosa hili halikuanza na madijei. Wenye umri wangu wanakumbuka vipindi vya salamu redioni, ambapo mtangazaji alisoma majina ya wasikilizaji ishirini waliotuma kadi, na vijiji vyao, na wajomba zao waliko Tororo na Soroti, kisha akaweka wimbo bila kutaja ni wa nani. Tulifurahi kwa sababu majina yetu yalisikika.

Wa pili katika orodha yangu ni Shida wa Mbaraka Mwinshehe, na hapa tatizo limegeuka upande. Mbaraka hakuna asiyemjua. Alikuwa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi kwa pamoja, alivuma akiwa na Morogoro Jazz Band, ambayo aliambatana nayo hadi Japani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, hajatimiza miaka 35. Lakini kivuli chake kimekuwa kirefu kiasi kwamba waliosimama nyuma yake wamemezwa nacho, na hata mimi ninayeandika barua hii ya majina naona aibu kukiri kwamba nikifumba macho namwona mtu mmoja tu jukwaani mwenye gitaa. Zile santuri zake kubwa zilizotolewa baada ya kifo chake kwa jina la Ukumbusho zinastahili ukurasa mzima wa gazeti lako siku moja, zikieleza nani alipiga nini, maadamu bado wapo watu wa Morogoro wanaoweza kusimulia.

Kutoka pwani nimechagua sauti ya Siti binti Saad, aliyetoka Fumba huko Unguja na kupanda meli hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Santuri za wakati ule zinasikika kama mtu anayeimba huku mvua inanyesha juu ya mabati, na vijana wangu wa karakana huniuliza kama spika imeharibika. Nawaambia wasubiri. Baada ya dakika moja sikio linajifunza kuiacha mvua na kumfuata bibi. Kinachonigusa zaidi ni kwamba majina hayakupotea: tunajua alikuwa na Maalim Shaaban, na Subeit bin Ambar, na Mbaruk, na maisha yake yameandikwa na Shaaban Robert mwenyewe katika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke aliyezaliwa katika ufukara anajulikana na wenzake wote wanajulikana, ilhali sisi wenye simu zenye kumbukumbu ya nyimbo elfu kumi tunaandika Zilipendwa 014. Ukitaka kuona mkondo huo unakofika leo, weka baada yake Sukari wa Zuchu, wa mwaka 2021. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu, na ingawa midundo yake ni ya kompyuta, yale madaha ya kulivuta neno mwishoni hayakutoka kwenye kompyuta.

Sasa nije nyumbani. Watu wa nchi jirani hupenda kutuambia kwamba Uganda haina Kiswahili, na kwa hiyo haina wimbo wa Kiswahili. Sitabishana nao kwa siasa, ingawa Katiba yetu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 iliitaja lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili. Nitabishana kwa nyimbo. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi nchini Kongo, ambaye Nairobi inajivunia kuwa wake, alikuwa hapa Kampala katikati ya miaka ya 1970 na bendi ya Les Kinois kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977 na baadaye kuunda Orchestra Virunga. Jina hilo la Virunga ni la milima ya volkano ambayo sehemu yake iko upande wetu, kule Kisoro. Mwezi huu nimekuwa nikisikiliza Vunja Mifupa, wimbo wa Kiswahili cha mitaani kisicho na makuu, na sauti ya Mapangala humo ni nyembamba na safi kiasi kwamba mimi huitumia kupima spika ndogo: ikikwaruza kwa Mapangala, karatasi yake imepasuka.

Baada ya huyo sina budi kumtaja Jose Chameleone, ambaye alianzia Nairobi na akaimba Jamila na Kipepeo kwa Kiswahili kilichoeleweka kutoka Kigoma hadi Lamu, pamoja na Juliana Kanyomozi, aliyeimba Usiende Mbali na Bushoke wa Tanzania. Nyimbo hizo hazihitaji maelezo yangu. Ziko katika kila teksi.

Ninayetaka kumzungumzia kwa kirefu ni Geoffrey Oryema. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri, akauawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth Ofumbi, na serikali ya siku zile ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kijana Oryema alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, akafika Ufaransa, na mwaka 1990 akatoa albamu ya Exile iliyotayarishwa na Brian Eno. Ndani yake kuna lukeme, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na kuna nanga, kinubi cha Kiacholi, na kuna mwanamume anayeimba kwa lugha za utoto wake, Kiacholi na Kiswahili, kwa sauti ya chini kana kwamba watoto wamelala chumba cha pili. Wimbo wa Land of Anaka unamtaja Anaka, kijiji cha asili ya baba yake huko kaskazini. Mimi si Mwacholi na Kiacholi changu ni cha salamu tu, lakini kila ninapousikiliza nafikiria jinsi anavyolitamka neno hilo moja, Anaka, tena na tena, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha ufunguo bado upo. Oryema alifariki Ufaransa mwaka 2018. Katika flashi yangu ya zilipendwa hakuwemo kabisa, na nilipomuuliza kijana wa kibandani, alinijibu kwa unyofu: "Huyo ni wa nchi gani, mzee?"

Afrigo Band nayo imo, kama ilivyo kila mwezi. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, katika miaka ambayo wengi walikuwa wakikimbia, ikaendelea kupiga kwa zaidi ya miaka 45, na Moses Matovu akiwa na saksafoni yake mbele, haihitaji kupigiwa debe na fundi wa Mbale. Nimechagua Obangaina, wimbo wa Kisoga ulioimbwa na Rachael Magoola, ambaye baadaye aliingia Bungeni. Huo ni mfano mzuri wa jinsi bendi inavyoweza kumpa mwimbaji wimbo bila kumnyang'anya jina: kila Mganda anajua ni wa Afrigo na kila Mganda anajua ni wa Magoola.

Na kwa kuwa ni Desemba, hapa kwetu hakuna duka lisilopiga nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya. Zukuka na Tumusinze zinaanza mwezi wa Novemba na haziachi mpaka mwaka mpya, hata katika maduka ya Waislamu wenzangu, na sijasikia yeyote akilalamika. Lutaaya aliishi Sweden, na mwaka 1989 alijitokeza hadharani kueleza kwamba ana virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watu walikuwa wakifa huku jamaa zao wakisema ni uchawi. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo kila mwaka nyimbo zake za furaha hupigwa nchi nzima katika juma la kifo chake, jambo ambalo vijana wengi wanaozicheza hawalijui. Kule Sweden alikuwa na Waganda wenzake, akina Sammy Kasule na Frank Mbalire, na kama mhariri ana mwandishi mwenye subira, hapo pana habari.

Za sasa nitazipitia upesi, isipokuwa moja. Nana wa Joshua Baraka, wa mwaka 2023, ni wimbo mwepisi na mtamu, na aliyeuleta karakanani kwangu ni kijana aliyekuja na spika ya blutuu isiyopokea chaji. Nilimchokoza nikamuuliza ni nani aliyetengeneza mdundo wake. Hakujua. Lakini kabla sijamaliza kulehemu waya, alikuwa ameshatafuta kwenye simu na kunisomea, tena pamoja na majina ya waliouandika, na ikabidi nikubali mbele ya watu kwamba kijana huyo amenishinda, kwa kuwa mimi katika umri wake nilitegemea lebo tu. Albamu ya Azawi iitwayo African Music, ya 2021, nayo ni nzuri kuanzia mwanzo, ingawa ningeikata nyimbo mbili.

Ile moja ninayoitenga ni albamu ya Nakibembe Embaire Group, kundi lenye jina la kijiji chake, iliyotolewa mwaka 2023 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Embaire ni marimba makubwa ya Busoga. Kwa asiyewahi kuyaona: huchimbwa shimo ardhini, juu yake hulazwa magogo ya migomba, na juu ya migomba hupangwa vibao vizito vya mti, wapigaji huketi pande mbili wakitazamana, na shimo ndilo linalokuwa spika. Mimi niliyezitengeneza spika tangu ujana sijaona kasha la mbao linalotoa besi kama lile shimo. Wapigaji hawapigi noti pamoja. Huyu hupiga, na mwenzake anaingiza yake katika upenyo uliobaki, na wa tatu katikati ya hao wawili, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na tuni unayoisikia haipigwi na yeyote kati yao, bali inatokea katikati yao. Nikiwa safarini kwenda Jinja kwa njia ya Tirinyi niliwahi kushuka garini kwenye harusi moja huko Busoga kwa sababu hiyo tu, nikasimama nyuma ya mpigaji mmoja nikijaribu kuifuata mikono yake miwili. Nilichokisikia kutoka kwake peke yake kilikuwa kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Nikarudi nyuma hatua kumi, na wimbo ukawepo.

Hapa, Ndugu Mhariri, hoja yangu mwenyewe inanigeukia. Katika muziki wa namna hii mpiga solo hayupo, na jina la kijiji juu ya albamu ni jina sahihi, kwa sababu kijiji ndicho kinachopiga. Ndivyo ilivyo pia kwa ngoma zetu za kadodi hapa Mbale, zinazowasindikiza vijana wa imbalu katika miaka ya shufwa; anayetajwa ni kijana anayetahiriwa na ukoo wake, na wapigaji waliopanda na kushuka milima na ngoma zao mabegani hupewa chakula wakaondoka. Hata hivyo, sikubali kwamba jina la kijiji linatosha. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi hii kuanzia mwaka 1949 na mashine yake ya kurekodi, na katika rekodi zake nyingi aliandika ni wapi, ni lini, na ni nani aliyepiga. Nakala za rekodi hizo ziko leo Chuo Kikuu cha Makerere katika hifadhi yenye jina lake. Mjukuu wa mpiga endingidi, lile zeze la uzi mmoja, wa wakati ule anaweza kwenda kumsikiliza babu yake na kuonyeshwa jina. Ikiwa iliwezekana kwa kalamu na gari la miaka ile, haiwezi kushindikana kwa gazeti.

Kuna na upande wa riziki, ambao nitautaja kwa ufupi kwa sababu si fani yangu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 haimlindi mtunzi peke yake. Inamtambua na yule aliyepiga au kuimba. Lakini mpiga besi atadai vipi, ikiwa hakuna karatasi hata moja, hata ya gazeti, iliyowahi kuandika kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye besi?

Ombi langu kwako basi ni hili. Katika orodha ya mwezi ujao, punguza nyimbo kutoka kumi hadi tano ikibidi, na nafasi itakayobaki uijaze majina: mtunzi, waimbaji, wapigaji wanaojulikana, mwaka na mji uliorekodiwa. Pale ambapo mwandishi wako hana hakika, aache wazi, wasomaji tutajaza kwa barua.

Mimi mwenyewe ninayo ya kujaziwa. Katika santuri alizoacha baba kuna moja ambayo lebo yake imechanika, na panya wamekula upande wa juu. Kilichosalia ni maneno "Sehemu ya 2" na nusu ya neno linaloishia na "-nga Jazz". Wimbo ni wa Kiswahili, mwendo wa taratibu, na mwimbaji analalamikia mchumba aliyehamia mjini. Baada ya ubeti wa mwisho saksafoni mbili zinaingia pamoja, moja ikiwa nyuma kidogo ya nyenzake kana kwamba mpigaji alikuwa bado anavuta kiti, na mwimbaji anaita kwa sauti, waziwazi, bila dijei yeyote juu yake: "Saidi, polepole!" Msomaji yeyote wa Tanga, Tabora au Mombasa anayemjua Saidi huyo, naomba amwandikie mhariri.

Wako mwaminifu,
Fundi wa redio, Mbale, Uganda